Tupeane uzoefu wa Bukavu: nyumba za mnada wa tribinali (mahakama), nani alikuonyesha karatasi zote?

Fundi wa Nguba: Tangazo limebandikwa kwenye geti la jirani, nyumba inauzwa kwa amri ya tribinali. Mipaka ipo, bei ya kuanzia ipo. Jina lililo kwenye sertifika, ile hati ya umiliki, hakuna; ipoteki, yaani rehani, hakuna. Waliopitia haya, semeni.

Mama Panzi: Umenigusa pabaya, ndugu. Marehemu mume wangu alinunua hivyo hivyo Panzi. Karani alisoma daftari la masharti ya mnada mbio mbio kama mtu anayekimbia mvua. Avoka (wakili) wetu akaomba karatasi ya konsevateri, msajili wa ardhi, inayoonyesha mwenye nyumba na madeni yaliyoandikwa juu yake. Karani akajibu, "Iko ndani ya dosie (faili), mtaiona kisha." Tukalipa.

Siku ya kuingiza magodoro tukamkuta mama mzee ameketi kwenye ngazi na wajukuu, mfuko wa mkate mapajani. Hakupiga kelele. Akatoa sertifika: jina la mume wake, muhuri, mchoro wa parseli (kiwanja), yote safi. Aliyedaiwa alikuwa shemeji yake, na mkononi alikuwa na fishi ya parseli tu, karatasi ya kiwanja isiyo hati! Akaniuliza, "Binti yangu, na mimi wamekuuzia?" Mume wangu akaketi kwenye vumbi na suti yake. Wisiye, yule ofisa wa tribinali, hakupokea tena simu. Kesi imetula, na pesa hazijarudi.

Kadutu Boy: Pole sana mama. Cimpunda pia tuliona.

Bwana Dola: Mlifuata bei ya chini. Mlidhani ni zawadi?

Neema Bagira: Mjane analia, wewe unahesabu noti! Aliyeamuru mnada ni jaji, si komisioneri (dalali) wa mtaani Nyawera.

Bwana Dola: Jaji anauza haki ya anayedaiwa, si ya mama yule mwenye sertifika.

Neema Bagira: Kamwambie hayo mama mkwe wako.

Avoka Mdogo: Bwana Dola ana haki, mdomo wake ndio hauna. Anayeshinda mnada anapata zile haki alizokuwa nazo mdaiwa, basi. Tangu Kongo iingie OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja za biashara, mwaka 2012, ile karatasi ya konsevateri lazima iambatane na daftari la masharti, ya tarehe ya amri ya kulipa aliyopewa mdaiwa. Haipo? Usinyanyue mkono. Na fishi si sertifika, sheria ya ardhi ya 1973 iko wazi.

Mzee Ndendere: Karatasi, karatasi... Mimi namuuliza muuza kasiksi, pombe ya ndizi, wa kona. Anajua nani alijenga, nani alikopa, nani alirithi.

Avoka Mdogo: Mzee, atakuja kutoa ushahidi?

Mzee Ndendere: Chupa mbili, anakuja na ndugu zake.

Neema Bagira: Mama Panzi, na yule mama?

Mama Panzi: Yuko kwake. Alinisaidia hata kumtafuta shemeji.

Fundi wa Nguba: Kesho napita kwa karani nisome hilo daftari. Wanaomba pesa ngapi?

Kadutu Boy: Inategemea umevaa viatu gani.