Tupeane uzoefu: fujo zilipopita mtaani kwako, ulitaka waliokamatwa wafanywe nini?

MwishoWaReli (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Uzi huu naomba uwe wa stori zetu wenyewe, mambo ya siasa tuyaweke pembeni maana tukianza hayo uzi utafungwa hata chai yangu sijamaliza.

Mi nianze. Kigoma mjini, Mwanga, miaka kadhaa nyuma. Kuna bodaboda alikuwa anakimbizwa na askari akaenda kujibamiza kwenye nguzo, wenzake wakavumisha kafa (hakufa, alivunjika mguu na mpaka leo anabeba abiria) sasa muda huo nani anasikiliza, matairi yakawashwa, barabara ikajaa mawe, haikupita nusu saa Defenda zikafika na mabomu ya machozi yanadondoka kama maembe ya msimu. Mpaka kunatulia jioni maduka manne yameshavunjwa, na wenye maduka hayo hawamjui hata huyo bodaboda.

Asubuhi yake niko kijiweni kwa mzee wa kahawa, na msemaji mkuu ni mimi. Nikasema hawa dawa yao miaka mitano mitano, tena irudishwe ile sheria ya mwaka 1963, viboko 12 ukiingia gerezani na 12 ukitoka ukamwonyeshe mkeo. Watu wanacheka, wanaongezea, mwingine anasema mitano midogo. Mzee akanimiminia kikombe, akafuta mdomo wa birika na kile kitambaa chake, akaniuliza taratibu tu, "Na wa kwangu unampa mingapi?"

Kumbe kitinda mimba wake kalala selo. Alitumwa kashata.

Aisee nilikiangalia kile kikombe mpaka kikapoa. Halafu sisi sisi mahakimu wa kijiweni ndo tukaanza kukimbizana na barua ya mtendaji wa mtaa na kutafuta wadhamini wawili. Ukutani pale kituoni pameandikwa DHAMANA NI BURE, na chini ya hayo maandishi tulikaa toka Ijumaa mpaka Jumatatu, na ile bure ilitutoka hela nyingi kuliko kashata za mwaka mzima. Karibuni.

Doti za Ujiji

Mkuu stori yako imenigusa ila mi naona mnawalea. Hamjawahi kuvunjiwa nyie. Mi nilikuwa na fremu ya vitenge, vile vya kutoka Kongo, nimekopa, marejesho kila wiki. Siku ya fujo nikafunga nikakimbia kumchukua mtoto shule, narudi mlango umelala chini, doti 14 hazipo, hata kioo cha kujitazamia wateja kimeondoka. Polisi wananiuliza unamshuku nani, namshuku nani mtaa mzima?

Sasa sikia hii. Mwaka umepita nimeenda arobaini ya jirani, namuona mama mmoja kavaa kitenge changu. Sio kinachofanana, changu, maana bando lile lilikuwa na kosa la kiwandani, ndege mmoja hana mkia. Nimekaa nimemtazama yule ndege mpaka dua imeisha. Ningesema nini msibani? Nikala pilau nikaondoka. Kwahiyo mkiniuliza mimi wafanywe nini, nataka wafungwe na kabla ya kufungwa walipe. Hakimu anasema jela, sawa, jela inanirudishia nini, marejesho si bado nalipa mimi.

Mgebuka Mkavu

@Doti pole sana dada. Huyo ndege hana mkia nimecheka samahani lakini

Msafiri wa Katonga

Mi ngoja niwape ya Uingereza, nilikuwa kule Agosti 2011, nasoma huku naosha vyombo kwenye hoteli, nakaa Croydon, kusini mwa London. Ilianza tarehe 4, polisi walimpiga risasi kijana wa miaka 29, Mark Duggan, kule Tottenham, kaskazini mwa London. Jumamosi tarehe 6 ndugu na majirani wakaenda kituoni kudai maelezo, kwa amani kabisa, wakasubiri masaa hawapewi mtu wa maana wa kuongea nao, usiku magari yanawaka. Jumatatu ikafika kwetu. Kulikuwa na duka la fanicha pale, la ukoo mmoja, lipo toka mwaka 1867, yani hilo duka ni la kabla hata Livingstone hajakutana na Stanley hapo Ujiji kwetu! Jengo lake moja liliteketea lote. Tumesimama dirishani jikoni tunaona mwanga, mpishi wetu ameshika mwiko tu hageuzi.

Sasa kilichonishangaza sio moto, ni watu baada ya moto. Asubuhi unaona mamia wametoka na mifagio, wanaiinua juu, wanafagia vioo, raha tupu. Saa sita mchana hao hao unawasikia kwenye basi wanataka jeshi liingie. Kuna kura ya maoni ilipigwa siku hizo, theluthi moja ya watu walikuwa wanaunga mkono risasi za moto. Uingereza hiyo, askari wa kawaida hatembei na bunduki! Askari mitaani London walipandishwa kutoka 6,000 mpaka 16,000 kwa usiku mmoja.

Mahakama zikakesha, usiku kucha watu wanapandishwa kizimbani. Mwanafunzi mmoja hajawahi kuwa na kosa lolote alipewa miezi sita kwa maji ya kunywa ya pauni tatu na nusu. Vijana wawili walipigwa miaka minne minne kwa kuandika Facebook watu wakutane wafanye fujo, na mmoja wao kwenye hiyo miadi yake hakutokea mtu, waliofika ni polisi tu 😂. Watu wakaweka sahihi kwenye intaneti wanataka waliofanya fujo wafutiwe posho za serikali, zikavuka laki moja ndani ya siku chache. Na kuna mama alipewa notisi ya kuondolewa kwenye nyumba ya halmashauri kwa sababu mwanae kashtakiwa. Kashtakiwa tu, hajahukumiwa. Hapo ndo mi nilinyamaza, nikamkumbuka bi mkubwa wangu Katonga, ningekuwa mimi nimeokota hata kiatu basi yeye ndo angelala nje?

Mwaka 2014 jopo la raia likaamua nane kwa wawili kwamba Duggan aliuawa kihalali, ingawa walisema bastola hakuwa nayo mkononi wakati anapigwa. Familia yake ilipiga kelele mle mahakamani. Waliofagia walikuwa wameshasahau.

Doti za Ujiji

Mkuu we hukuokota kiatu kweli?

Msafiri wa Katonga

Sikuokota wallahi. Nilikuwa zamu.

Mamantilie Stesheni

Mie ya kwangu fupi. Nauza wali pale karibu na stesheni, siku hiyo bomu limetua hatua mbili kutoka kwenye sufuria la maharage. Bomu lile halichagui jamani, wateja wamekimbia na sahani zangu, macho yanawaka, mwanangu mdogo anatapika, nikamfunika na kanga iliyolowa. Kinachoniuma askari mmoja kati ya wale namjua, anakula kwangu, nina daftari, anadaiwa sahani tatu. Nikapiga kelele "we fulani we!" kwa jina lake. Akageuka. Kavaa lile likofia lao lenye kioo lakini nikajua kanisikia.

Saa mbili usiku kaja na gwanda lake hilo hilo, macho mekundu kuliko yangu, kalipa sahani tatu na akaongeza ya yale maharage. Hatukusalimiana.

Afande Mstaafu TBR

Mwangaluka. Mi nimestaafu, niko Tabora, Ng'ambo. Nitasema moja tu ambalo raia hamlijui. Siku ya vurugu mko tisa na watu hawahesabiki, jiwe linapita sikioni, umri wako ishirini na mbili, kimbia na wewe ukamate. Unamkamata nani? Wale wenye raba waliorusha mawe washafika nyumbani wanaoga. Unamkamata mwenye ndala. Mzee, mlevi, dogo aliyesimama kushangaa, ndo hao mnapiga tanganyika jeki mnarusha kwenye karandinga. Kesho mkubwa anauliza mmekamata wangapi, haulizi mmekamata kina nani. Nimejaza karandinga ya watu wenye ndala mara nyingi, na nyingine walikuwa nayo mguu mmoja.

MwishoWaReli

Afande shikamoo. Mtoto wa mzee alikuwa na ndala.

Afande Mstaafu TBR

Marahaba. Najua.

Nzega Kwetu

Afande umenikumbusha babu. Kabla ya hizo karandinga huku kwetu tulikuwa na sungusungu, ilianza miaka ya themanini mwanzoni pande za Kahama na huku kwetu Unyamwezini, wizi wa ng'ombe ulizidi na watu washachoka kupeleka mwizi kituoni Jumanne wakamkuta mnadani Alhamisi. Serikali ikaja kuitambua kisheria mwaka 1989. Adhabu yao kubwa haikuwa fimbo, ilikuwa kutengwa. Husalimiwi, hupewi moto, kisimani ukifika wanawake wanabeba ndoo zao wanaondoka, ukifiwa unachimba kaburi mwenyewe. Baba yangu mdogo alitengwa wiki tatu tu kwa kosa la kuficha ng'ombe wa shemeji yake. Nilikuwa mdogo, nilimuona amekaa chini ya mwembe anaongea na mbwa, anamsimulia bei za tumbaku. Wiki ya tatu akatoa ng'ombe wa faini akalia mbele ya watu, jioni ile ile wakanywa wote pombe.

Ila msije mkaniambia tuirudishe. Kuna waliosingiziwa wakapigwa mpaka wakawa vilema, na hakukuwa na rufaa, utarufani kwa nani wakati mtaa mzima ndo mahakama.

Mgebuka Mkavu

Mleta uzi hujamalizia. Yule dogo wa kashata iliishaje?

MwishoWaReli

Iliishia hewani. Kesi ilipigwa tarehe miezi kumi na moja, kila tukienda shahidi hajafika, mwisho ikaondolewa. Dogo sasa hivi ni fundi wa injini za boti Kibirizi, mkono wake mzuri sana, ila akisikia king'ora anaacha spana anaingia ndani. Mzee bado anauza kahawa. Nami bado nakunywa pale ila siku hizi mjadala ukifika kwenye kufunga watu naangalia birika.

Doti za Ujiji

Sawa nimefurahi kwa dogo, kweli kabisa. Na doti zangu 14?