Makumbusho na watoto watatu wa umri tofauti: tuanze Boma, Kalenga au Isimila?

MamaK_Kihesa

Kamwene wakubwa, shikamooni. Nina watoto watatu: wa miezi saba (ananyonya, ameanza uji), wa miaka miwili na nusu ambaye hatulii hata akilala, na wa miaka tisa, darasa la tatu, aliyesikia habari za Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, na sasa nyumbani ni maswali tu. Likizo ya Juni tunataka kuwapeleka makumbusho. Watu wazima tutakuwa wawili, mimi na mdogo wangu wa kike. Gari hatuna.

Naomba msaada: hapa Iringa, Boma (makumbusho ya mjini), Kalenga (makumbusho ya Mkwawa) na Isimila (korongo lenye zana za mawe za kale) zinawezekana siku moja? Mdogo nimbebe mgongoni au nichukue kigari? Huyu wa kati anashika kila anachokiona, nimzuieje? Na fuvu la Mkwawa, watoto wanaonyeshwa au wanapitishwa haraka?

Mwenyeji_Gangilonga

Kamwene dada. Zote tatu siku moja, hapana. Kalenga iko kama kilomita 15 upande wa barabara ya Ruaha, Isimila kama kilomita 20 upande wa barabara ya Mbeya. Ni pande mbili tofauti, na katikati unarudi mjini. Siku ya namna hiyo mtoto wa miezi saba anaimaliza kwa kilio, na wa miaka tisa anakumbuka kilio cha mdogo wake tu.

Anza na Boma. Liko mjini, jengo lenyewe ni la Wajerumani la mwaka 1900, na likitokea la kutokea, nyumbani ni bajaji moja tu. Ingieni asubuhi mapema mara tu baada ya kufunguliwa, mtoke kabla ya saa tano. Kwa huyo wa kati, chumba kimoja kisizidi dakika 10, halafu nje, halafu ndani tena. Msione aibu kutoka na kuingia. Mwambieni mwongozaji mapema kwamba mtafanya hivyo, asianze maelezo ya dakika 40 mkashindwa kumkatisha.

Isimila ifanyeni siku nyingine kabisa, na kodini gari dogo litakalowasubiri. Daladala za Mafinga zinawashusha barabara kuu, lakini kutoka hapo hadi getini ni zaidi ya kilomita moja kwa miguu, kivuli hakuna, na bado hamjaanza kushuka korongoni. Mkifika getini huyo wa kati atakuwa ameshataka kubebwa, na mikono yenu imeshajaa.

Bodaboda msithubutu, hata kwa safari fupi. Mishikaki ya mama, kichanga na mtoto mwingine katikati ndiyo tunayoiona kila siku, lakini kuiona kila siku hakuifanyi iwe salama. Kwenye bajaji wa kati akae katikati ya watu wazima wawili, si pembeni kwenye uwazi. Kichanga mfunge kifuani mkiwa safarini, kwa sababu ukiegemea kiti naye yuko mgongoni unambana kifua.

Nyanya_Mlezi

Mwanangu marahaba. Kigari kiache nyumbani. Isimila kuna kushuka, kuna mchanga, kuna mawe. Magurudumu yatazama na utaishia kubeba mtoto na kigari chake.

Mbeleko ndiyo, ila ujue wakati wa mgongoni na wakati wa kifuani. Watu wengi hapa ndipo wanapokosea.

Ndani ya vyumba, kifuani au ubavuni. Akiwa mgongoni humwoni. Ukigeuka kwenye nafasi finyu, wewe unapita lakini kichwa chake kinagonga fremu ya mlango au kona ya kabati la vioo. Tena mikono yake iko huru: atavuta kibandiko ukutani, atavuta shanga zilizotundikwa, na wewe utajua pale kitu kinapoanguka.

Korongoni, mgongoni. Akiwa kifuani tumbo lake linakuziba, huoni unapoweka mguu, na pale kwenye kushuka miguu ndiyo ya kuangalia. Funga kabla ya kuanza kushuka, usifungie katikati ya njia.

Tumia kitenge cha pamba chenye uzito, yadi mbili. Kanga jipya lina wanga, linateleza na fundo linalegea ukitembea. Kama ni kanga, liwe limefuliwa mara nyingi. Kitambaa kifike chini ya makalio hadi nyuma ya magoti, magoti yakae juu kidogo kuliko makalio, na juu kiishie kwenye mabega yake. Uso usifunikwe. Watu wa Iringa Juni tunawafunika watoto gubigubi kwa sababu ya baridi ya asubuhi, lakini ukitembea mwili wako nao unampasha, na ikifika saa nne jua limekuwa kali. Mvalishe nguo nyepesi mbili tatu za kuvuliwa moja moja, si sweta moja zito. Pitisha kidole nyuma ya shingo yake: kukiwa na jasho, vua moja.

Uji: hotipoti ndogo yenye mdomo mpana. Kwanza jaza maji yanayochemka, funika dakika tano, mwaga, ndipo uweke uji ukiwa unachemka. Ukiweka uji wa moto kwenye hotipoti baridi, baada ya saa mbili unakuwa vuguvugu, na uji vuguvugu ndio unaoharibika na kumuumiza mtoto tumbo. Mimina kidogo kwenye kikombe, mlishe kwa kikombe hicho. Kijiko kilichoingia mdomoni kisirudi kwenye hotipoti. Kilichobaki kikombeni kimwagwe. Parachichi ni rahisi kuliko vyote: linabebwa zima, linapasuliwa palepale na kupondwa kwa kijiko. Na mnyonyeshe garini kabla ya kushuka, usisubiri alie.

Nepi chafu: mifuko ya rambo ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo chukua kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, la lita mbili linatosha. Huko makorongoni usiache kitu.

Mwongozaji_Kale

Nijibu la kushika na la fuvu.

Mtoto wa miaka miwili na nusu haelewi "usiguse" ikisemwa mara thelathini. Anaelewa mikono iliyojaa. Mpe kitu chake cha kushika tangu mlangoni: kibuyu kidogo, kikapu, kijiti cha mwiko. Kila mkifika kwenye kabati mwulize, "Kibuyu chako kiko wapi humu?" Atafute kinachofanana. Jioni kabla ya safari mwonyeshe nyumbani kinu, mchi, ungo, chungu, kigoda, ili akifika Boma awe anatambua, si anaambiwa. Ndiyo kanuni ya makumbusho ya watoto yenyewe tangu ya kwanza ilipofunguliwa Brooklyn, New York, mwaka 1899: mtoto ajifunze kwa mikono. Kwetu vitu vingi viko nyuma ya vioo, kwa hiyo cha kushika mnakuja nacho wenyewe.

Jambo jingine dogo: makabati yamewekwa kwa kimo cha mtu mzima. Mtoto wa kimo cha kiuno chako anaona miguu ya kabati. Mnyanyue, hesabu hadi kumi, mshushe. Asiponyanyuliwa ndipo anapopanda mwenyewe.

Gawaneni watu wazima. Mmoja abaki na wa miaka tisa, ambaye anataka kusoma na kuuliza. Mwingine awe na wadogo wawili na aruhusiwe kutoka muda wowote bila kuaga. Nusu ya muda ikipita, badilishaneni. Mkitembea wote watano kama msafara, mkubwa anaondolewa kwenye kila chumba kabla hajamaliza.

Fuvu liko Kalenga, ndani ya kabati la kioo. Mdogo wa miaka miwili na nusu halimshtui. Kwake ni kama jiwe. Anayeshtuka ni huyo wa miaka tisa, kwa kuwa ndiye anayeelewa. Mwambie nyumbani, kabla, na umwambie ukweli: Mkwawa alijipiga risasi Julai 1898 asikamatwe na Wajerumani, wakakata kichwa chake wakakichukua. Akiambiwa mara ya kwanza akiwa mbele ya kioo, hatasikia lolote lingine siku hiyo. Akisema hataki kuingia, asilazimishwe. Kuna mikuki, ngao na rungu za kuangalia.

Mpe na hesabu, atapenda. Lugalo, Wahehe walipowapiga Wajerumani na kumuua kamanda wao Zelewski, ni Agosti 1891. Mkataba wa Versailles wa 1919, wa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kifungu cha 246, ulitaka fuvu likabidhiwe kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Lilirudi Juni 1954, Gavana wa Tanganyika, Twining, akamkabidhi Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa. Mwache atoe mwenyewe: kutoka 1898 hadi 1954 ni miaka mingapi? Na ile miezi sita ilikuwa mingapi?

Isimila, mkubwa apewe daftari, penseli na rula. Zana za mawe ziko chini ya banda mahali zilipokutwa. Haziguswi wala haziokotwi, hata kale kajiwe kadogo njiani kanakoonekana hakana mwenyewe. Achague moja tu, aichore, apime kwa shubiri zake kutoka mbali. Mwambie pia habari za kiboko wa zamani ambaye mifupa yake ilipatikana pale: macho yake yalikuwa yametokeza juu ya kichwa kupita ya kiboko wa leo. Atamchora huyo bila kuombwa.

Zile nguzo ndefu za korongoni Isimila ni mchanga uliomomonyolewa na maji. Zinameguka. Msimruhusu mtu kuzikwea wala kuzipiga kwa fimbo, na msikae kupumzika chini ya ukuta wake. Kuanzia Desemba hadi Aprili njia inateleza na maji yanapita chini, kwa hiyo Juni mmechagua vizuri. Viatu vya kufunika vidole. Kandambili zinabaki mchangani.

Mzee_wa_Vwawa

Walio upande wa Mbeya msisafiri hadi Iringa kwa ajili ya hili. Kimondo cha Mbozi kiko Ndolezi, siku hizi ni Mkoa wa Songwe, unachepuka kutoka barabara ya Tunduma. Kwa mtoto mdogo ni pazuri kuliko vyumba, maana kitu cha kuangalia ni kimoja, kiko nje, na kina urefu wa kama mita tatu, tani kama 16.

Chukueni sumaku ndogo, hata ya spika ya redio mbovu. Kimondo ni chuma kama asilimia 90 na nikeli karibu 9, kwa hiyo sumaku inanata. Muulizeni mlinzi kwanza, na iwekwe taratibu, si kugongwa. Mchana msimruhusu mdogo kulaza shavu au mkono. Chuma hicho kikishinda juani kinaunguza kama sufuria. Mkubwa atauliza shimo la kuangukia liko wapi. Halipo: kilianguka zamani mno, udongo ukajaza. Kile kilima kidogo kinachokishikilia kilibaki baada ya watu kuchimba pembeni yake.

MamaK_Kihesa

Asanteni sana, Nyanya shikamoo tena. Basi Boma Jumamosi hii, Isimila wiki ijayo kwa gari la kukodi, Kalenga mkubwa atapelekwa peke yake na mama yake mdogo. Swali la mwisho: malipo, tubebe taslimu?

Mwongozaji_Kale

Bebeni zote mbili. Maeneo ya serikali mara nyingi mnapewa namba ya malipo mnalipia kwa simu, kwa hiyo simu iwe na chaji na pesa iwe imeshaingia kabla hamjatoka mjini. Taslimu ni ya dereva, na iwe ndogo ndogo.

Nyanya_Mlezi

Marahaba. Na hilo kopo la nepi, andika juu yake kwa kalamu, lisije likachanganywa na la maandazi.