Naomba ushauri: kuweka nyota kwenye kamera wakati wa kwanjula

Wapiga picha wenzangu, salamu kutoka Kampala. Nataka kuchagua picha za kwanjula (sherehe ya Kiganda ya binti kumtambulisha mchumba wake kwa familia) nikiwa bado ukumbini, mizigo ya zawadi inapopangwa na wasemaji wakitaniana, ili nikifika kwenye kompyuta nusu ya kazi iwe imekwisha.

Kamera ni Canon 5D Mark III. Kitufe cha RATE, cha kuipa picha nzuri alama ya nyota, nakibonyeza mara moja kwa nyota moja, na Lightroom, programu ya kupanga na kuhariri picha, inaisoma hiyo nyota picha zinapoingizwa. Kufuli ya kulinda picha nimeiacha: Lightroom haiigeuzi kuwa alama ya kuchagulia, na faili ya JPEG (picha iliyobanwa, tayari kutumwa) iliyofungwa hunakiliwa ikiwa ya kusomwa tu, basi kuiandikia inakuwa vita. Tena kufuli haiokoi kitu ukifomati kadi.

Tatizo ni kadi mbili. RAW (faili ghafi ya kuhariri) inaenda kadi ya CF, JPEG inaenda kadi ya SD. Nyota hukaa kwenye faili ya kadi ninayoitazama tu, kwa hiyo nikitazama SD, RAW zinabaki bila nyota. Nikitazama CF, sawa, ila mteja anayetaka JPEG za haraka za WhatsApp anakuta hazina nyota.

Mnafanyaje? Mnarekodi RAW na JPEG kadi moja, nyota ishike zote mbili, au kuna njia ya kuhamisha nyota kwa kulinganisha majina ya faili? Na betri mnaitunzaje, maana skrini inaila vibaya? Nyota moja tu inatosha, au mnatofautisha za albamu na za kuchapa kubwa?