Mama mkwe hataki kulipia nyumba ya udongo. Naombeni ushauri wa Ruaha, Agosti

Bi_Kinyerezi

Habari za humu wakuu. Naombeni ushauri kabla sijaharibu ndoa.

Agosti tunaenda Iringa: mimi, mume wangu, watoto wawili (miaka 9 na 6) na mama mkwe. Mama ni Mhehe wa Idodi, ila yuko Dar tangu alipoolewa, na sasa ana sabini na kitu. Mpango wetu ni siku mbili Iringa mjini, halafu siku tatu Tungamalenga. Tutaingia Ruaha asubuhi na kutoka jioni, maana vitanda vya ndani ya hifadhi bei imenishinda.

Sasa, kuna mtu kanitumia picha za vibanda vya udongo hapo Tungamalenga. Msonge, paa la nyasi, ukuta umechorwa maua mekundu na meupe, kitanda cha kamba, neti juu. Watoto wamevipenda mno. Nikampa mama simu aone. Akavaa miwani, akaangalia picha zote sita bila haraka, akanirudishia simu. "Mwanangu, nyumba hiyo mimi nimeikimbia mwaka 1974. Leo nikalipie kurudi?"

Mume wangu kacheka mpaka kakaa chini. Mimi sikucheka, nilikuwa nimeshatuma advansi.

Wenye uzoefu nisaidieni. Hivi vibanda ni udongo kweli au ni rangi tu? Mtoto mdogo ana pumu, ataweza? Wadudu je? Na kama kuna mtu alishawahi kumpeleka mzazi kulala sehemu kama hii, alimshawishi vipi?

---

Kijiwe_Kihesa

Mama yuko sahihi. Kwetu nyumba ya udongo unalala bure, na jogoo anakuamsha bure.

---

Mkandikaji

Kamwene dada.

Mimi ni fundi wa nyumba hizo, niko upande huo huo wa Idodi. Nimeanza kukandika nikiwa darasa la tano, na miaka hii kumi na kitu nimekandika za wageni nyingi kuliko za wenyeji. Wenyeji siku hizi wanataka tofali la kuchoma na bati, siwalaumu, kwangu mwenyewe ni bati.

Nianze na mama. Usishangae alivyokurudishia simu. Ule msonge si nyumba yake. Nyumba ya Mhehe ni tembe: ndefu, ya pembe, paa bapa. Juu ya boriti unapanga fito, juu ya fito nyasi, juu ya nyasi udongo unaoshindiliwa mpaka mtu anatembea juu. Vyumba vinazunguka ua, ng'ombe wanalala katikati. Wenye kambi wanajenga misonge kwa sababu ndiyo mgeni aliyoiona kwenye picha kabla hajapanda ndege. Mimi nimejenga misonge kumi na minne. Tembe nimejenga moja tu, na hilo nalo mwenyewe alikuja kutaka choo cha ndani wakati ukuta umeshakauka, tukaukata upya. Roho iliniuma wiki nzima.

Udongo kweli au rangi? Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Udongo unajibu "du", saruji inajibu "ko". Vingi utakavyoonyeshwa ni tofali la saruji, lipu, halafu rangi ya udongo na nyasi juu. Hakuna aliyeibiwa hapo, utalala salama. Ila usilipe bei ya udongo.

Cha udongo tunakifanya hivi. Udongo mzuri ni wa kichuguu, mchwa wameshauchekecha kuliko chekeche yoyote ya dukani. Unauchanganya na nyasi zilizokatwakatwa, unakanyaga kwa miguu, unauacha ulale usiku mmoja. Mkono wa kwanza unajaza kati ya fito, na lazima upasuke ukikauka, ndivyo ulivyo. Mkono wa pili unaziba mipasuko. Wa mwisho wanawake wanasiriba kwa kiganja, udongo laini na samadi ya ng'ombe. Ukiweka taa pembeni ya ukuta usiku utaona alama za vidole, mawimbi mawimbi. Saruji haina hiyo.

Ukifika, usiangalie maua yaliyochorwa. Inama uangalie ile shubiri ya kwanza ya ukuta kutoka chini. Maji ya paa yanarukia hapo. Ukiona pameliwa na fito zinachungulia, mwenye kambi hana mkandikaji wa kudumu, na paa lake ni hivyo hivyo.

Jambo ambalo hawatakwambia: nyumba hii inataka moshi. Paa la bibi yangu lilidumu kwa sababu mafiga matatu yalikuwa ndani na moto uliwaka kila siku. Nyasi zikawa nyeusi kwa masizi, zinang'aa kama zimepakwa mafuta, bungua hana hamu nazo. Kibanda cha mgeni hakina moto. Bungua wanatoboa fito taratibu, na unga wao wa njano unadondoka usiku kucha juu ya neti. Mgeni mmoja alitoka asubuhi analalamika amenyunyiziwa dawa ya kienyeji. Wenye akili wanawasha moto ndani mara moja kwa wiki pakiwa hapana mtu. Piga simu uulize: "Mnafukiza?" Wakikuuliza kufukiza ni nini, umeshapata jibu.

---

Nesi_Mstaafu

Mdogo wangu, ukiuliza kama wanafukiza, uliza pia wamefukiza lini. Mtoto wa pumu asilale kwenye chumba kilichopigwa moshi jana yake. Na huo unga wa bungua anaousema fundi, kwa kifua chake si kitu cha kucheka. Tandika shuka jepesi juu ya neti, ulikung'ute nje asubuhi, si ndani. Pampu yake iwe mfukoni mwako, isiwe kwenye begi kwenye buti la gari.

Wadudu. Watu wanaogopa nyoka, mimi naogopa papasi. Ni kupe asiye na gamba gumu, anakaa kwenye nyufa za sakafu ya udongo na chini ya ukuta. Anatoka usiku, anakunyonya kwa muda mfupi bila kukuamsha, anarudi kwenye ufa wake. Anaweza kukaa miaka bila kula akikusubiri. Homa yake inakuja kwa kishindo, inaondoka, unasema umepona, inarudi. Nimefanya kazi zahanati za vijijini muda mrefu, nimeona watu wanakunywa dawa ya malaria mara mbili, tatu, kumbe ni homa ya papasi. Kipimo cha haraka cha malaria hakiioni. Inataka mtu wa maabara aangalie damu kwenye hadubini, na dawa yake ipo, inatibika.

Kwa hiyo: kama sakafu ni udongo wenye nyufa, msilale. Sakafu ya saruji ndani ya ukuta wa udongo siyo aibu, fundi asikukasirishe. Kitanda kiwe mbali na ukuta, neti ichomekwe chini ya godoro pande zote, mabegi yasilazwe chini. Na ile nafasi kati ya ukuta na paa ndiyo mlango wa mbu. Tungamalenga ni bondeni, msije na mawazo ya baridi ya Iringa mjini mkaacha neti. Mkirudi Dar mtu akipata homa ndani ya wiki mbili tatu, mwambie daktari mlilala wapi. Hilo neno moja linaokoa muda mwingi.

---

Mkandikaji

Sikasiriki mama. Misonge yangu yote sakafu ni saruji, wa kwanza tu ndio nilifanya ya udongo na nilirudi kuibomoa.

---

Ndaga_Tukuyu

Sisi wa Rungwe tunasoma tu. Babu zetu walijenga kwa mianzi, wakajazia udongo, wakaezeka nyasi, na walikuwa na wivu na usafi wa nyumba zao kweli kweli. Leo ukija na kiu ya kulala kiasili huku Agosti utalala na masweta mawili na soksi, na utatuomba chumba cha bati na blanketi zito kabla ya saa nne usiku. Nyumba ya asili ilikuwa na moto katikati. Bila moto ni picha tu. Hapo fundi kasema kweli.

Ila dada kama mna siku za ziada, shukeni Matema, ziwani. Joto zuri, na kina mama wa Kikisi wanafinyanga vyungu kwa mkono bila gurudumu. Udongo wa kuleta nyumbani kwenye gari, mama hatagomba.

---

Dereva_wa_Vumbi

Mimi nachangia njia tu, ya nyumba waachieni mafundi. Mkitoka Iringa mjini, Kalenga ni hapo hapo karibu, msipite bila kusimama. Kuna makumbusho madogo yenye fuvu la Mkwawa, mtemi wa Wahehe, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Ngome yake ilikuwa hapo, Wajerumani waliipiga kwa mizinga Oktoba 1894. Mbele zaidi, barabara hiyo hiyo, kuna Mlambalasi alipozikwa. Alijipiga risasi 1898 ili wasimkamate. Kwa bibi wa Idodi hapo hamhitaji mtembeza wageni, yeye ndiye mtembezaji, nyie bebeni maji.

Hifadhini: msivae buluu wala nyeusi, mbung'o wanazipenda hizo rangi kuliko ng'ombe. Malipo ya getini si fedha mkononi, andaeni kadi au simu yenye salio. Vumbi litaingia hata kwenye chupa iliyofungwa. Na jioni Tungamalenga msizurure gizani na tochi ya simu, tembo wanakuja mashambani, hawajali wewe ni mtalii au ni shemeji wa kijiji.

---

Bi_Kinyerezi

Asanteni sana. Nimekuja na mrejesho, ni mrefu kidogo mnivumilie.

Jana jioni nilimsomea mama ujumbe wa fundi kwa sauti. Nilipofika kwenye tembe akaacha kuchambua mchicha. Nikaendelea mpaka kwenye alama za vidole, akasema, "Rudia hapo." Nikarudia.

Halafu akaanza. Kumbe hakuikimbia nyumba, aliikimbia mvua. Anasema paa la tembe zuri mwezi wa kwanza wa masika, baada ya hapo udongo unachoka. Usiku unasikia tone la kwanza, wanajua, wanahamisha mkeka pembe nyingine. Tone linafuata huko. Baba yake anapanda juu gizani na karai la udongo, wanamsikia anatembea juu ya vichwa vyao, anashindilia kwa mguu, vumbi na matope vinawadondokea. Asubuhi blauzi ya shule ina madoa ya kahawia mgongoni, na mwalimu anauliza kama umelala na mbuzi. 1974 walipohamishiwa kijiji kipya, mama yake alisema hajengi tembe tena hata aje nani. Hiyo ndiyo hadithi, na mume wangu miaka yake yote arobaini na mbili hakuwahi kuisikia.

Kisha akaniambia nimwambie fundi amesahau mlango. Mlango wa tembe ulikuwa mfupi, unainama kuingia, na ukiinama unakuwa umeshaamkia wenye nyumba kabla hujafungua mdomo.

Nikawapigia wenye kambi. Wanafukiza, kila Jumatatu. Sakafu saruji. Nikauliza kama wana tembe, yule kijana akanyamaza, akasema, "Kuna nyumba ndefu kule nyuma, ila hatuiweki kwenye picha. Wageni wanadhani ni stoo."

Fundi, ndiyo hiyo?

---

Mkandikaji

Ndiyo hiyo dada. Kama choo kiko mkono wa kushoto ukiingia na ukuta wake una mshono, huo mshono ni wangu, nausikitikia hadi leo.

Mwambie mama Agosti huku hakuna tone, alale tu. Juu ya nyasi niliweka turubai kabla ya udongo, babu yake asingekubali lakini haivuji. Choo ni cha kukaa, magoti hayatapata shida. Mlango ndio nilishindwa. Niliujenga mfupi kama anavyosema, watalii wawili wakapasuka paji la uso wiki moja, mwenyewe akaagiza uinuliwe. Nimeinua. Ukiangalia juu utaona boriti ya zamani bado ipo.

Watoto na ninyi laleni msonge, ndicho walichokipenda. Mimi nitakuwa pale wiki hiyo, nakandika upande wa jikoni. Ila mzuie mama asishike udongo. Wazee wakishika wanakuta kasoro, nitafanya kazi mara mbili.

---

Bi_Kinyerezi

Umechelewa kaka. Ameshatoa kanga ya kazi, iko kwenye begi.