Kaunta buku yangu imechomwa moto kwa kuitwa ushirikina, kitabu cha Thor nimerudishiwa

Shikamooni wakubwa, na wa rika langu mambo vipi. Niko kidato cha tatu, shule ya bweni hapa Mbeya, jina silitaji. Tumefunga shule juzi na hasira hazijanishuka.

Wiki mbili kabla ya kufunga kulipigwa msako bwenini. Mwalimu wa nidhamu alifungua tranka langu akatoa vitabu vinne vya katuni na kaunta buku moja. Vile vinne nilijua haviruhusiwi, adhabu yake ningeipokea. Ila kaunta buku ilikuwa kazi ya mikono yangu tangu kidato cha kwanza.

Bibi yangu mzaa mama yuko Tukuyu. Yeye hulisimulia Ziwa Ngosi kama anamsema mtu: lina siku zake za hasira, na likikasirika maji hubadilika rangi. Nililichora kurasa kumi na moja. Penseli ya kijani ilikuwa imebaki kipande kidogo, haishikiki vizuri, kwa hiyo maji yaliyotulia niliyapaka kijani kidogo kidogo, na maji yenye hasira nikayapaka mkaa wa jikoni kwa kidole. Maneno ya watu niliyaweka kwenye viputo. Maneno ya ziwa niliyaandika ndani ya mawimbi yenyewe. Hakuna aliyenifundisha hilo, nilifikiria wiki nzima.

Nyuma yake kulikuwa na Gangilonga ya Iringa, jina lenye maana ya jiwe linaloongea kwa Kihehe, na vita vya Lugalo vya Agosti 1891, Mkwawa wa Wahehe alipolishinda jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Zelewski. Hayo sikuwa nimeyamaliza.

Paredi ya asubuhi mwalimu akainua ukurasa wa ziwa jeusi, akaiambia shule nzima hii ni michoro ya kishirikina. Kaunta buku ikapelekwa nyuma ya jiko, ikamwagiwa mafuta ya taa. Jalada lilichelewa kushika moto. Nilisimamishwa pale mpaka lilipoisha.

Wiki hiyohiyo, kipindi cha Kiswahili, tulikuwa kwenye fasihi simulizi. Ngano, visakale, visasili. Kisasili ni hadithi inayoeleza asili ya jamii au ya vitu, tumekariri hivyo na kwenye jaribio nilipata zote. Sasa ziwa la bibi ni nini kama si hilo? Ina maana maana yake tuijue, hadithi yenyewe tusiiguse?

Kilichonimaliza ni siku ya kufunga. Mama alikuja kunichukua, akakabidhiwa vile vitabu vinne kwenye mfuko, vimefungwa vizuri, eti ni mali ya watu, nilikuwa nimeviazima. Kimojawapo ni cha Thor. Thor alianza kuchapishwa kwenye hizo katuni za Marekani mwaka 1962, lakini karne nyingi kabla ya hapo watu wa Skandinavia walimwabudu kama mungu wa radi na kusimuliana habari zake. Huyo ni mungu kabisa, kaandikwa hivyo, na amerudi nyumbani salama. La Ngosi ndilo limekuwa uchawi.

Na msiniambie katuni zinapoteza muda wa kusoma. Katuni ndizo zilizonifanya nimsikilize bibi vizuri. Ukisoma katuni unaona kuna kitu kimetokea kati ya kisanduku na kisanduku, hakijachorwa, unakijaza mwenyewe. Bibi hufanya vilevile. Akifika pale mtu anapoinama kuchota maji, hunyamaza, anasukuma kuni, anachokonoa makaa, sisi wajukuu tumekaa kimya. Akirudi kusimulia, yule mtu hayupo. Zamani nilidhani amesahau. Baada ya kusoma katuni nikajua anafanya makusudi, na ndivyo nilivyouchora ukurasa wa saba: kisanduku kimoja ndoo na mkono, kinachofuata ndoo peke yake.

Walimu mliomo humu naomba mnijibu: kuna kanuni gani inayokataza mwanafunzi kuchora hadithi ya kwao? Na mzazi anaweza kudai nini kwa kitu kilichochomwa?

Maana kesho napanda Hiace kwenda Tukuyu kumwomba bibi anisimulie upya, na mama ananiambia tangu mwaka jana bibi anachanganya mambo, la Ngosi analipeleka Ziwa Kisiba, la Kisiba analileta Ngosi. Alivyonisimulia nikiwa kidato cha kwanza alikuwa mzima, na niliyaandika yote mle.