Chipu za kumbukumbu kwenye swichibodi ya zamani ya ofisi: nianze na ipi?

Waya_Mbili: Wakuu, nina swichibodi ya simu iliyostaafishwa. Ubao mkuu una chipu mbili za 27C256 zenye stika juu ya kidirisha cha kioo, na pembeni ipo 62256 kwenye soketi, karibu na betri ya volti 3.6. Nataka kunakili kila kitu. Ile 62256 naweza kuichomoa nikaisoma kama zile mbili?

Miguu28: Usiiguse! Programu ya mashine imo kwenye 27C256 na haihitaji umeme kudumu. Stika tu usizibandue, maana mionzi ya urujuanimno ndiyo inayozifuta. Namba za ndani na vizuizi vya kupiga nje kwa kawaida hukaa kwenye 62256, inayoishi kwa betri hiyo. Ukiichomoa, data imekwenda.

Hata chipu za aina ya 62256 zenye betri tumboni, kama DS1230, usizisome kwa mpangilio wa 27C256. Mguu wa 27 kwenye 27C256 ni anwani A14 (waya wa kuchagua nusu ipi ya kumbukumbu isomwe), kwenye hizo ni amri ya kuandika. Kisomaji (kifaa cha kusomea chipu) kikishusha A14 kusoma nusu ya kwanza, chipu inapokea takataka na kuihifadhi. Chagua jina lake halisi kwenye menyu ya kisomaji.

Lehemu: Data ya 62256 itoe mashine ikiwa inawaka, kwa simu ya kupangia mashine au tundu la printa kama lipo. Kadi za laini (bodi zinazoungana na waya za simu) waachie mafundi wake: umeme wa kengele hufika volti 90. Betri ikiwa ya nikeli-kadimi, kagua ukungu wa kijani kwenye njia za shaba. Ni alkali iliyovuja. Ukishapata data, zima, toa betri, sugua kwa mswaki wenye siki kidogo, kisha spiriti.

Waya_Mbili: Nimesoma zile 27C256. Moja ina "VRIN", nyingine "ESO". Zimeharibika?

Miguu28: Nzima kabisa, hilo ni neno VERSION limegawanywa. Prosesa inasoma biti 16, yaani baiti mbili, kwa mpigo, kwa hiyo chipu moja ina baiti shufwa, nyingine witiri. Zipishanishe baiti kwa baiti, ukianza na yenye V, upate faili moja la kilobaiti 64. Ila soma kila chipu mara mbili kwanza. Nakala zikitofautiana, miguu imeshika weusi; ifute taratibu kwa raba, huvunjika upesi.