Naomba ushauri: vikomo vya nguvu kwa setelaiti za chini vilegezwe au vibaki?

Wakuu, heshima kwenu. Kazi yangu ni kufunga VSAT (madishi madogo ya mawasiliano ya setelaiti), na bosi kanitupia niandike maoni ya kampuni kuhusu kugawana masafa ya bendi ya Ku (takriban GHz 10 hadi 18) kati ya aina mbili za setelaiti. Nimekwama.

Setelaiti za chini, zinazozunguka karibu na dunia kama Starlink ya SpaceX, zinatumia masafa yaleyale ya zile zilizotulia kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ibara ya 22 ya Kanuni za Redio za ITU (shirika la UN la mawasiliano) inaziwekea za chini kikomo cha nguvu ya mawimbi, EPFD, ili zisiingilie zile zilizotulia, na viwango vyake ni vya mwaka 2000, kabla ya makundi haya ya maelfu. SpaceX waliiomba FCC, mdhibiti wa mawasiliano wa Marekani, ivipitie upya mwaka 2024. Mwaka uliofuata mchakato ukaanza.

Kinachonitatiza ni huku kwetu. Dishi ninalofunga Mwanza, setelaiti ikiwa longitudo ya karibu, linatazama karibu utosini. Setelaiti ya chini ikikatiza mstari huo, kwa kawaida huzima boriti (mwali wa mawimbi) au mteja wake huhamishiwa nyingine, ili kikomo kisivukwe. Huko Ulaya wateja wa setelaiti za chini wanatazama kaskazini tu, mbali na zile za ikweta, maisha yanaendelea. Kwa hiyo kikomo kinatunyima sehemu nzuri ya anga. Kikilegezwa, wateja wangu wa VSAT wanaumia kwa mwingiliano.

Halafu ushahidi. Modemu zetu zinarekodi Es/No (kipimo cha nguvu ya mawimbi dhidi ya kelele) kila dakika, mwingiliano wa sekunde tano hauonekani. Mvua ya ziwani nayo inashusha namba hizohizo!

Mliowahi kupeleka maoni TCRA (mamlaka ya mawasiliano Tanzania) au kukaa vikao vya ITU: nisimamie upande upi, na vipimo gani vitakubalika?